Kicheko cha Mpira wa Maji

Mwaka 1895 Louis Lumière wa Ufaransa alipiga sinema ya kuchekesha, isiyotimia dakika moja. Mtunza bustani anywesha mimea. Mtoto aja nyuma, aukanyaga mpira, maji yakoma. Bwana achungulia tundu. Mguu waondoka, maji yamrukia usoni.

Vyombo ni vichache: bustani, mpira, watu wawili, na kamera moja isiyosogea. Basi kwa nini twacheka? Kwa kuwa kamera yatuonyesha wote wawili pamoja: sisi twauona mguu, yeye hauoni.

Kosa lipo. Akiisha kumkamata mtoto, amburuta mpaka mbele yetu ndipo ampige. Mwenye hasira hachagui mahali. Hapo hila yaonekana. Lakini tusingaliyaona malipo, kicheko chetu kingalikuwa cha kumdhihaki mtu aliyeonewa kazini.