Programu gani inafaa kuchora ukoo wetu?

Vijana wengi wa Bunia wanaotaka kuchora mti wa ukoo kwenye kompyuta wanauliza kwanza: programu gani ni nzuri? Sisi tunaona kuna swali la kutangulia. Programu hiyo inapokea jamaa yetu namna iko, ao inatulazimisha kuipinda ili iingie katika visanduku vyake?

Tuanze na jina. Programu nyingi zilitengenezwa Ulaya na Marekani, ambako kwa kawaida mtoto anabeba jina la baba yake. Kwetu Kongo mtu yuko na jina, postinomu na prenomu, na ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kuitwa kila mmoja kivyake. Kwa Waalur, anayezaliwa nyuma ya mapacha anaitwa Ukelo. Ukimwandika hivyo katika kisanduku cha jina la jamaa, mashini itamweka pamoja na akina Ukelo wote, hata wasio wa ukoo wake, na itamtenga na ndugu zake wa tumbo moja.

Pili ni ndoa. Babu zetu wengi walikuwa na wake wawili ao watatu, na kila mke alikuwa nyumba yake. Programu ya kufaa inamwacha kila mtoto chini ya mama yake. Na yatima aliyelelewa na baba mdogo aonekane kwa waliomzaa na kwa waliomlea.

Tatu ni tarehe. Mzee akisema alizaliwa kabla ya uhuru, tusimwandikie 1 Januari 1950 ili kisanduku kijae tu. Wajukuu wataiamini tarehe hiyo ya uongo. Tuandike «kabla ya 1960», na programu ikubali.

Kwa mizani hiyo, tunaipa Gramps nafasi ya kwanza. Ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2001, na iko pia kwa Kifaransa. Inakubali majina ya jamaa zaidi ya moja, na kwa kila jina unaonyesha kama limerithiwa ao limepewa tu. Inakubali ndoa nyingi, mtoto wa kulelewa na tarehe ya kukadiria. Tena inafanya kazi bila intaneti. Ubaya wake ni kwamba ni nzito kujifunza. Anayeanza asikate tamaa siku ya kwanza.

Chati nayo tuichague vizuri. Ile ya kupanda inampa mtu namba 1, baba yake 2, mama yake 3, babu na bibi 4 hadi 7. Ni safi, lakini baba mkubwa na shangazi hawana nafasi humo. Na ukoo wetu bila shangazi ni ukoo gani? Tuchukue chati ya kushuka, inayoanzia kwa babu mmoja na kufuata watoto wake wote, nyumba kwa nyumba.

Jambo kubwa zaidi ni hili: nani anashika faili? Mwaka 2018 kampuni ya MyHeritage ilitangaza kwamba anwani za barua-pepe za watumiaji zaidi ya milioni 92 zimevuja. Hapa Ituri, toka 1999 hadi 2003, na tena tangu Desemba 2017, watu wameuawa na kufukuzwa juu ya kabila lao. Orodha ya watu walio hai, pamoja na kabila na kijiji chao, si mchezo. Walio hai wasiwekwe kwenye intaneti. Faili ibaki nyumbani, na nakala kwa ndugu wawili ao watatu.

Programu nazo hufa. Personal Ancestral File, iliyotumiwa sana zamani, ilifungwa mwaka 2013. Waliohifadhi kazi yao katika muundo wa GEDCOM, uliotungwa mwaka 1984 na kusomwa na programu nyingi, waliweza kuhama. Lakini katika kuhama maelezo mengine yanaweza kupotea, kwa hiyo tuchape pia karatasi.

Hata programu bora haijui jina la bibi aliyezikwa Djugu ao Irumu. Wanaolijua ni wazee, na vita vimewatawanya: wengine wako kambini, wengine walivuka ziwa kwenda Uganda. Basi, kabla ya kuwasha mashini, tushike daftari na kuwatafuta, wangali na nguvu ya kutuambia.