Ufundi wa Kujizuia

Mgonjwa wa akili akitokea katika filamu za siku hizi, tunamjua kabla hajafungua kinywa. Kamera inayumba, kioo kinapasuka, vinanda vinalia, na haipiti nusu saa kabla hajapatikana mhusika wa kuutaja ugonjwa kwa jina lake la kitaalamu, mtazamaji asije akabaki na swali. Mambo hayakuwa hivyo daima. Mwaka 1980 Robert Redford, mwigizaji mashuhuri wa Marekani ambaye hadi hapo hakuwa ameongoza filamu hata moja, alitoa Ordinary People, iliyotokana na riwaya ya Judith Guest ya mwaka 1976. Humo msiba na maradhi ya akili vimeshikwa kwa mkono mwepesi, hata mtazamaji mwenye haraka anaweza kudhani hakuna kinachotokea. Ninachodai ni kwamba wepesi huo wa mkono ndio ufundi wenyewe, na kwamba tumeuachia upotee kwa sababu tumezoea kuipima huzuni kwa kelele zake.

Redford anaanzia pale wengine wangemalizia. Katika mji wa Lake Forest, kaskazini mwa Chicago, kijana Conrad Jarrett amerudi shuleni baada ya kulazwa miezi minne katika hospitali ya magonjwa ya akili. Kaka yake, Buck, alikufa maji dhoruba ilipoipindua boti yao ziwani. Conrad akaokoka, kisha akajaribu kujiua. Yote hayo yamekwisha kupita, na dhoruba yenyewe tunaipata vipande vipande. Kilichobaki mbele yetu ni kifungua kinywa. Mama, Beth, amemwandalia mwanawe mkate uliochovywa mayai na kukaangwa. Conrad anasema hana njaa. Mama hambembelezi wala hamgombezi. Anaiondoa sahani mezani, anauelekeza mkate kwenye sinki, na mashine ya mabaki inausaga, huku baba, Calvin, akihangaika kutafuta neno la kuituliza asubuhi hiyo. Tukio ni fupi, lakini limekwisha kusema kwamba mama anataka nyumba iende kwa ratiba, kwamba mwili wa mwana umeikataa ratiba hiyo, na kwamba baba hajui asimame upande gani. Alvin Sargent, aliyeandika mswada, hakumpa mhusika yeyote kazi ya kutufafanulia. Alituachia sahani.

Wapo wanaolalamika kwamba filamu inambebesha mama lawama zote, na lalamiko hilo halistahili kupuuzwa. Beth hamkumbatii mwanawe, na hataki kupigwa picha wamesimama wawili. Calvin naye anakuja kumkumbusha jambo ambalo limemkaa kooni: siku ya kumzika Buck, alimwambia mumewe abadili shati na viatu. Katika jamii zetu, ambako msiba una matanga na kilio kina wenyewe, ni rahisi kumhukumu mama wa namna hiyo kuwa hana moyo. Lakini tazama jinsi Mary Tyler Moore, aliyezoeleka kwa vichekesho vya televisheni, anavyomwigiza. Jikoni, sahani inamponyoka na kupasuka. Anaviokota vipande, anavishikanisha, na kusema kwamba inaweza kuungika. Baadaye, ndoa imevunjika na anafungasha sanduku, pumzi inamkwama mara moja tu, mwili unatetemeka, kisha anajikaza. Asiye na uchungu hahitaji nguvu zote hizo za kuuzuia. Filamu inamwonyesha mama aliyefiwa na mwanawe mpendwa na ambaye nidhamu ndiyo silaha pekee aliyoachiwa. Haimsamehi, lakini haimsingizii.

Hoja nyingine dhidi ya filamu hii ni kwamba tiba yake ni nyepesi mno: kijana anakwenda kwa daktari Berger, anazungumza, analia, anapona. Anayesema hivyo amemsahau Karen. Karen alilazwa pamoja na Conrad, na wanapokutana tena kwa maongezi mafupi ni yeye anayeonekana amepona zaidi. Amechangamka, ana shughuli zake, anamhimiza mwenzake afurahi. Baadaye Conrad anampigia simu na kuambiwa kwamba amejiua. Hakuna muziki uliotuonya, wala ukikumbuka mkutano ule huoni ishara kubwa uliyopitwa nayo. Ni baada ya habari hiyo ndipo Conrad anapokimbilia kwa Berger usiku na kukiri kinachomtafuna: kwamba Buck aliiachia boti, na yeye akaishikilia. Timothy Hutton, ambaye baba yake, mwigizaji Jim Hutton, alifariki mwaka 1979 kabla filamu haijaanza kupigwa, ameubana mwili wake muda wote huo, mabega yamekaza, sauti iko nusu. Kilio kinapomtoka kina uzito kwa sababu kilicheleweshwa. Na hata hapo hakuna zawadi ya mwisho mwema: kijana anapata nafuu, lakini nyumba inabaki bila mama.

Kisa cha Karen kinajibu pia pingamizi lililo zito kuliko yote, la wale wanaosema kuwa ukimya ni anasa ya zamani, na kwamba magonjwa ya akili yakitajwa waziwazi kwenye skrini aibu inapungua na wagonjwa wanatafuta msaada. Kwamba uwazi unasaidia sibishi. Filamu hii yenyewe inamheshimu daktari na inaonyesha faida ya kusema. Ninachobishia ni uwazi wa kuigiza, unaomfundisha mtazamaji kwamba mgonjwa ni yule anayepiga mayowe. Anayetoka sinemani na fundisho hilo atarudi nyumbani akasubiri mayowe, na jamaa yake anayecheka mezani na kuitikia salamu atampita kila siku. Kujizuia kwa mwongozaji kunatuzoeza kumtazama mtu aliyenyamaza, na zoezi hilo halipatikani penye kelele.

Tuzo za Oscar zilipotolewa mwaka 1981, Ordinary People ilipata nne: ya filamu bora, ya mwongozaji, ya mswada, na ya mwigizaji msaidizi, iliyokwenda kwa Hutton akiwa na miaka 20. Wapenzi wa sinema hawajaacha kunung'unika kwamba iliibwaga Raging Bull ya Martin Scorsese, na manung'uniko hayo yenyewe ni ushahidi: ufundi wa ngumi na damu unaonekana kwa mbali, ufundi wa kuondoa sahani mezani unahitaji kusogelewa. Lakini hata waliopiga kura hawakusogea vya kutosha. Donald Sutherland, aliyeigiza Calvin, hakuwamo hata katika orodha ya waliowania. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, kutabasamu pasipo na cha kutabasamia, na kutambua polepole kwamba anaishi na mke asiyemfahamu. Alifariki mwaka 2024 bila kuteuliwa hata mara moja kuwania Oscar ya uigizaji. Aliyopewa mwaka 2017 ilikuwa ya heshima, ya kuwafuta machozi waliosahauliwa. Kama kazi kama yake haikuonekana hata mwaka ambao filamu yake ilibeba tuzo kuu, hatuwezi kuwatupia lawama waongozaji peke yao. Wenye kuujua ufundi huu wanazeeka na kufa, na hakuna atakayejisumbua kuwaandaa wengine, kwa kuwa sisi watazamaji tumeacha kuuulizia.