Ngozi Mpya ya Mtoto wa Bochum: Jinsi Maabara na Upasuaji Vilivyokwenda Sambamba

Epidamolisisi bulosa ya aina ya junksheni ni ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi ibabuke kwa kuguswa tu. Tabaka la juu la ngozi hushikizwa kwenye la chini kwa protini iitwayo laminini-332, ambayo sehemu yake moja hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya LAMB3. Mtoto akirithi nakala mbovu za jeni hiyo kutoka kwa baba na mama, tabaka la juu hukosa pa kujishikiza. Malengelenge hutokea, hupasuka na kuacha vidonda sugu.

Juni 2015 mvulana wa miaka saba, kutoka familia ya wakimbizi wa Syria, alilazwa Bochum, Ujerumani. Alikuwa na uzito wa kilo 17 na amepoteza takribani asilimia 60 ya tabaka la juu la ngozi, tena bakteria wameshaingia vidondani. Ngozi ya baba yake ilijaribiwa, haikushika. Ndipo madaktari, kwa ridhaa ya wazazi, wakamtafuta Michele De Luca, mwanasayansi wa seli shina huko Modena, Italia.

Msingi wa utaalamu wa kuotesha ngozi maabara ulikuwepo zamani. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green waliotesha seli za ngozi ya binadamu juu ya seli za panya, na mwaka 1984 ikaripotiwa kwamba ngozi ya maabara imesaidia kuokoa watoto wawili ndugu walioungua vibaya nchini Marekani. Mwaka 2006 kundi la De Luca lilieleza jinsi lilivyopandikiza seli zilizorekebishwa jeni ya LAMB3 kwenye miguu ya mgonjwa mtu mzima. Eneo lile lilikuwa dogo. Kwa mtoto wa Bochum ilitakiwa karibu ngozi ya mwili mzima.

Kipande cha sentimita nne za mraba kilikatwa kwenye kinena, mahali pasipo na malengelenge. Huko Modena seli zake zilipewa nakala nzima ya LAMB3 kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana, kisha zikaoteshwa mpaka zikawa shuka nyembamba zenye jumla ya mita za mraba 0.85, yaani zaidi ya mara elfu mbili ya kipande cha mwanzo.

Ugumu mkubwa ulikuwa ratiba. Shuka hizo ni seli hai, na zikishakomaa hazingoji. Kidonda nacho hakizipokei kabla ya kuondolewa nyama iliyokufa. Basi siku ya upasuaji haikuweza kupangwa na maabara peke yake wala na timu ya daktari mpasuaji Tobias Hirsch peke yake. Kazi iligawanywa: Oktoba mikono na miguu, Novemba mgongo na mbavu, na Januari 2016 sehemu zilizobaki. Mwezi uliofuata mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani, asilimia 80 ya ngozi yake ikiwa mpya.

Sayansi nayo ilivuna kutoka wodini. Kirusi hujichomeka mahali tofauti katika kila seli, hivyo huacha alama inayorithiwa na uzao wake. Watafiti walipofuata alama hizo katika vipande vya ngozi iliyopona, walikuta zinapungua kadiri miezi inavyokwenda: ngozi yote ilikuwa ikitunzwa na seli shina chache zenye maisha marefu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Novemba 2017. Kwa daktari maana yake ni nzito: ubora wa shuka haupimwi kwa upana tu, hupimwa kwa seli shina zilizomo ndani yake.

Ripoti ya mwaka 2021, miaka mitano baada ya tiba, ilionyesha ngozi iliyopandikizwa ingali imara, bila malengelenge. Hata hivyo tiba hii huponya pale tu shuka ilipopandikizwa. Utando wa mdomo na wa koo, ambao nao huathiriwa na ugonjwa huu, haiufikii.