Tulishinda kura, na kijiji kikabakia bila maji

Wandugu, nitaanza na jambo lenye halitafurahisha wengi kati yetu. Mwaka jana kampani moja ya madini huku kwetu ilitoa feza kwa proje za wakaaji, ikasema kama kura ya watu wote ndiyo itachagua. Shiye tulishinda. Chumba chetu cha ordinatere, pamoja na mashini ya kuchapa na pano za jua, vyote vilitoka pale. Miye pia nilipiga kura. Nilituma ile anwani ya kupigia kura kwa wajomba, kwa binamu wa Kinshasa, kwa rafiki mumoja mwenye anasoma Lusaka, hata kwa mama mukwe wa kaka yangu mwenye hajakanyaga Katanga hata siku moja. Siku ya matokeo tuliweka picha hapa na kumushukuru Mungu. Miye pia nilishukuru.

Leo niko nataka tuichambue ile kura. Nasikia kampani itaanza tena hivi karibuni, na watu wameanza kuuliza tutaomba nini safari hii.

Nikumbushe kwanza namna ilipita, juu wengi waliingia paka kwa kubonyeza. Kampani iliomba kila kikundi kilete dosie ya kurasa mbili na picha. Wao wenyewe wakachagua proje kumi, wakaziweka kwenye Facebook. Kwa juma mbili, mutu yeyote, popote yuko, aliweza kubonyeza. Proje tatu za kwanza zilipata feza. Zile saba zingine zilipata ujumbe wa pongezi.

Kati ya zile saba kulikuwa kisima cha pompi cha kijiji kimoja chenye kiko karibu na machimbo. Kile kijiji ninakijua. Ndiko nilifanya stage yangu ya agronomia, msimu muzima wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mahindi ikakauka. Muchana nilikuwa nahesabu viwavi kwenye majani ya mahindi, na jioni nilikunywa maji ya kijito kama kila mutu. Mama mwenye alinipokea alikuwa anaacha ndoo itulie kwanza, udongo ushuke chini, ndipo anachota ya juu. Mu kiangazi kile kijito kinabakia matope, na wamama wanaamka giza ili wafike mbele ya wengine.

Kisha matokeo nilirudi kule kuangalia mbegu zenye tulikuwa tumewaachia. Mama hakunilaumu. Alinipikia bukari, akaniuliza habari ya wazazi, kisha akauliza swali moja: «Mwana, ile kura balipigia wapi?»

Sikupata jibu la kumupa. Ile kura ilipigiwa mu telefone zetu.

Wale wenye walisoma agronomia wanajua kazi ya kuchukua udongo kwa laboratware. Ukitaka kujua shamba linakosa nini, unatembea mu shamba lote, unachota hapa na pale, juu na mu bonde, unachanganya, ndipo unapeleka. Ukichota kando ya barabara tu, juu ni karibu na viatu vyako ni safi, laboratware itakupa jibu. Tena jibu lenye namba nzuri. Lakini litakuwa jibu la kando ya barabara, na mbolea yenye utanunua itakuwa ya kando ya barabara. Kura yetu ilichota pale penye rezo iko. Kwenye kile kijiji, mutu akitaka rezo anapanda juu ya kichuguu. Telefone inachajiwa kwa jirani mwenye ako na pano, kwa makuta. Mwenye anunue mega anajiuliza kwanza kama chumvi iko mu nyumba. Na juu ya ile yote, kila dosie ilikuwa ya Kifaransa.

Kwa hiyo ile kura haikupima kiu ya mutu. Ilipima rezo, mega, na hesabu ya jamaa wenye wako mu miji mikubwa.

Kuko wenye watasema: hiyo ndiyo demokrasia, nao wangetafuta watu sawa vile shiye tulitafuta. Nimeifikiria ile neno sana, na ninaona inakosa mara mbili. Ya kwanza, kwa uchaguzi wa CENI unapiga kura pale ulijiandikisha, juu mwenye anachagua anapashwa kuishi na kile alichagua. Binamu yangu wa Kinshasa alichagua chumba chenye hataingia kamwe, akaangusha pompi yenye hatakosa kamwe. Ya pili ni hesabu tu. Kijiji cha watu mia chache, hata kama kila mutu angebonyeza, na watoto wenye kubebwa mugongoni ndani, hakiwezi kupita chama cha wasomi chenye memba zake wako Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na inje ya inchi. Bidii haingewaokoa. Walikuwa wameshindwa siku sheria za muchezo ziliandikwa.

Na tusifikiri ni ujinga wa huku kwetu tu. Mwaka 2010 Pepsi, kule Marekani, iliacha matangazo yake ya Super Bowl na ikatangaza dola milioni 20 kwa proje za watu, kwa kura ya intaneti. Ilisifiwa sana. Kisha malalamiko ikaanza: vikundi vinabadilishana kura, watu wanashitaki wengine kwa wizi wa kura. Baada ya miaka michache ile kazi ikakwisha. Kule watu wengi wako na intaneti mu nyumba, na bado kura iligeuka mashindano ya nani anajua kukusanya. Sasa fikiri kwetu, pale rezo yenyewe iko juu ya kichuguu.

Hata hivi, sitaki kusema kura ni mubaya yote. Mbele ya hii kura, feza ya kampani ilikuwa inaenda namna gani? Wakubwa wawili watatu walikaa mu biro, na juma lenye kufuata tuliona tu bango: kampani imejenga hiki. Hakuna mutu alijua nani aliomba na nani alikataliwa. Kwa ile kura, angalau tuliona proje kumi, tuliona bei yake, tuliona namba. Sisi vijana tulizoea kusikia kama kila kitu kimeamuliwa na wakubwa. Safari hii tuliona kidole chetu kinahesabiwa. Ile furaha haikuwa ya uongo. Mwenye anataka turudi mu biro yenye kufungwa, miye siko naye.

Lakini hata ile furaha ilitufunika jambo moja kubwa. Hakuna kati yetu mwenye aliuliza: hii feza inatoka mu mufuko gani? Sheria ya madini ya mwaka 2002, yenye ilibadilishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inalazimisha kampani ya uchimbaji kutoa kila mwaka angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wenye wanaguswa na machimbo. Tena kuko daftari ya ahadi, yenye wengi wanaita kaye de sharje, yenye kampani inapashwa kusaini na wale wakaaji. Na kwa ile malipo ya madini kwa serikali, 15 % ni ya muji, komini, sekta ao sheferi ya pale machimbo iko.

Sasa angalia tofauti. Kama feza ya kura ni zawadi, iko juu ya ile ya sheria, kampani iko na ruhusa ya kuigawa hata kwa wimbo. Lakini kama ni ile ya sheria, basi ni deni. Na deni halipigiwe kura na watu wa mbali. Ukikuwa na deni la mutu, huwezi kuita majirani mia wachague kama utamulipa yeye ao utamulipa mwingine mwenye sura nzuri. Siko nasema kampani ilifanya vile. Niko nasema tulibonyeza bila kuuliza, shiye wenye tunasoma sheria mu Kifaransa, na kijiji chenye kinaishi karibu na shimo kikaomba maji kama mushindani wetu.

Kuko namna ingine ya kuchagua pamoja, na iko na miaka mingi. Porto Alegre, kule Brazili, tangu 1989 wakaaji walianza kukaa mu mikutano ya kartie na kuamua feza ya muji iende wapi. Hawakuhesabu mikono tu. Kila kartie ilipata pointi kufuatana na hesabu ya watu na kwa kile inakosa: mwenye hakuwa na maji ao barabara alianza na pointi mingi kupita mwenye alikuwa nayo. Na si mbali tu. Kivu ya Kusini, kuanzia 2010 hivi, kulijaribiwa bajeti ya wakaaji kwa musaada wa Benki ya Dunia. Telefone ilitumika, lakini kwanza kuita watu kwenye mukutano kwa SMS na kuwajulisha nini iliamuliwa. Watu walikaa, wakaangaliana uso kwa uso. Telefone ilikuwa kengele ya kuitia watu.

Kwa hiyo, kama kampani ingeniuliza miye lisansie wa agronomia, ningesema mambo ine.

Moja, feza itengwe mu mifuko mbalimbali mbele ya kura. Maji, afya na masomo visishindane na ordinatere ao jezi za mupira. Mahindi unalinganisha na mahindi, hulinganishe na mbuzi.

Mbili, wapige kura wale wenye wataishi na ile kitu, pale pale wanaishi. Haihitaji mega. Weka ndoo tatu zenye mufuniko, kila moja na picha ya proje, kila mutu mukubwa apewe punje moja ya mahindi. Muhesabu mbele ya wote, jua likiwa bado. Yule mama haulizi tena kura ilipigiwa wapi.

Tatu, mwenye amekosa maji aanze na pointi, sawa Porto Alegre. Na mwenye alishinda mwaka huu akae inje mwaka wenye kufuata.

Ine, kila proje ionyeshe nani atatengeneza kikiharibika, na kwa feza gani. Mumeona wenyewe pompi ngapi kando ya barabara zimesimama juu ya kukosa kipande kidogo. Picha ya siku ya kufungua haionyeshe ile.

Sasa shiye wenyewe. Chumba chetu kiko, kinafanya kazi vizuri. Siwezi kusema uongo: barua zangu za kuomba kazi nilizichapa pale, na wadogo wengi wanamalizia tefese yao pale. Ni kitu cha lazima kwa kijana mwenye hana ordinatere. Siombi tuirudishe. Lakini kila mara naingia, ninaona ndoo yenye inatulia ili udongo ushuke.

Ninaomba kitu kimoja tu kwa chama. Safari hii tusiweke proje yetu. Nguvu yenye tulitumia kukusanya kura, tuitumie kwa kazi tatu: tuandike dosie pamoja na vijiji vya karibu na machimbo, mu Kiswahili na mu Kifaransa, bila kulipisha, tuandikie kampani barua ya kuuliza feza inatoka mu mufuko gani, na tuombe kura ipigiwe kule kule. Kama kampani itakataa na kurudisha ile kura ya telefone, basi zile kura zetu zote, na za wajomba, na za Lusaka, ziende kwa pompi. Tunajua kukusanya. Tulionyesha.

Kuko wenye watasema nimeuza chama. Waandike hapa chini, nitasoma na nitajibu. Lakini kabla ya kuandika, siku ya mposho niko naenda kule kijijini kuanza dosie pamoja na wazee na wamama. Mu gari kuko nafasi ya watu watatu. Mwenye anakuja abebe maji yake ya kunywa.