Ufundi wa Kuuliza

Mwaka 2013 Rachel Arnold na wenzake wa Uingereza walichapisha hojaji ya maswali 23 kuhusu mambo yanayomwelemea mwanamichezo ndani ya timu yake: kocha, uteuzi wa wachezaji, malengo, safari. Wachina nao wameirekebisha iwafae. Natamani kuona mafundi wa kazi hiyo wakiketi Salamabila, huku mashariki ya Kongo. Swali la safari peke yake lingewachukua siku nzima. Kwa mchezaji wa London ni ratiba na basi. Kwa kijana anayetoka machimbo ya Namoya kwenda kucheza Kasongo ni pikipiki, matope, na kama njia ni salama wiki hiyo. Maneno yanaweza kufasiriwa sawasawa kabisa, na bado majibu ya hao wawili yasilinganishike.

Huku kwetu ufundi huo wa kurekebisha maswali umeshafanya kazi nzito zaidi. Judith Bass na wenzake walipopima tiba ya kisaikolojia kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono vijijini Kivu, walikuwa na orodha ya dalili ya Hopkins, maarufu duniani, yenye maswali 25. Wangeweza kuifasiri tu. Lakini walianza kwa kuwasikiliza wanawake wenyewe, kisha wakaongeza waliyoyasikia, pamoja na kazi ambazo mwanamke wa huko hujipimia nazo nguvu zake: kulima, kupika, kulea.

Nikiwaza kazi hii, hatua ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya kumwomba mtu arudie swali alivyolielewa. Unamuuliza mama kuhusu wiki 2 zilizopita. Anajibu vizuri, bila kusita. Ukimwuliza amehesabu tangu lini, anataja msiba wa mwezi jana. Basi fundi anarudi mezani: pengine aseme tangu Ijumaa ya juzi, au tangu soko lile. Halafu anamjaribia mama mwingine, na mwingine. Hakuna anayempigia makofi kwa hilo.

Utafiti wa Kivu ulitoka mwaka huohuo wa 2013, ukiwa na wanawake 405. Miezi 6 baada ya tiba, asilimia 9 ya waliotibiwa kwa vikundi ndio waliobaki na dalili za kuashiria sonona au wasiwasi uliozidi, dhidi ya asilimia 42 ya waliosaidiwa mmoja mmoja. Ninaziamini namba hizo kwa kuwa najua maswali yake yalianzia kwa nani.