Samoni juu ya ubao: moto uko chini, joto linatoka juu

Mtu akiona kwa mara ya kwanza samoni akipikwa juu ya ubao wa mwerezi mwekundu, mapishi yanayopendwa sana pwani ya Pasifiki ya Marekani na Kanada, hushangaa mbona ubao hauungui. Siri ni maji. Ubao wenye unene wa sentimita moja hivi hulowekwa saa nzima au zaidi, ukikandamizwa kwa jiwe usielee. Maji hayafiki ndani sana, lakini panapolowa hapawezi kuzidi nyuzi 100 kwa kiasi kikubwa mpaka pakauke, na mti huhitaji zaidi ya nyuzi 200 kushika moto. Kuloweka kunampa mpishi muda, si kinga. Kingo ndizo hukauka kwanza. Katikati hubaki na unyevu kwa sababu samaki amepafunika.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni njia ya joto. Mti hupitisha joto polepole sana, kwa hiyo ubao ni ngao kuliko kikaango. Mnofu huiva kwa hewa ya moto inayozunguka chini ya kifuniko cha jiko, ndiyo maana samaki hageuzwi, na ndiyo maana jiko lisilo na kifuniko halifai kwa kazi hii. Wenyeji wa asili wa pwani hiyo, Wachinuki na Wasalishi miongoni mwao, walielewa hili kwa njia yao: walimpasua samoni, wakambana kwa vijiti na kumsimamisha kando ya moto. Wavuvi wetu wanaobanika samaki wangeutambua mtindo huo mara moja.

Kutokana na njia hiyo ya joto, sehemu ya mwisho kuiva ni ile nene iliyo karibu na ubao. Juu panaweza kung'aa na kunukia huku chini bado pabichi. Kipimajoto kichomekwe hapo, kisomeke nyuzi 63 kwa samaki. Kuku anataka 74, na vipande vinene vya kuku sivipendekezi kabisa: ubao utakauka kabla nyama haijaiva.

Lakini hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hutangulia moto. Ni ubao wenyewe. Mbao za ujenzi zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kijani kijani, zisikaribie jiko kamwe, kwani zikiungua aseniki hubaki kwenye moshi na majivu. Viwanda vya Marekani viliacha kutumia dawa hiyo kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003, ila mbao za zamani bado zipo, na hapa Afrika Mashariki nguzo za umeme hutiwa dawa za aina hiyo. Plaiwudi ina gundi. Paleti lenye alama ya MB limefukizwa kwa methili bromidi. Lenye HT limetibiwa kwa joto, lakini nani ajuaye lilimwagikiwa nini safarini? Msonobari una utomvu mwingi, hutoa masizi machungu. Chukua ubao mkavu usiopakwa kitu, uliouzwa kwa ajili ya chakula.

Mkaa usambazwe pembeni, chupa ya maji iwe karibu. Ubao uliobeba samaki mbichi usirudiwe kwa mlo mwingine, kwani mti hunyonya maji ya samaki na hausuguliki ukatakata. Ukitoka jikoni utumbukizwe kwenye ndoo ya maji; kingo zake huendelea kufuka hata pale usipoona mwali.