Kiunzi Kilichokunja Nne

Kadi yenyewe ni ya karatasi nzuri, nene, rangi ya maziwa. Upande wa mbele pamechorwa benchi la hospitali, na juu ya benchi kimeketi kiunzi cha mifupa, kimekunja nne, mkononi kimeshika kijikaratasi cha namba ya foleni. Buibui amekwisha kutandaza utando kutoka begani mwake hadi ukutani. Ukiifungua, ndani mna maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba daktari atakuona hivi punde, na kwa hiyo ugua pole. Niliinunua mjini Leeds mwaka 2004, nilipokuwa masomoni, nikaituma Dar es Salaam kwa rafiki yangu aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi pale Ocean Road. Dukani nilicheka peke yangu hata mwenye duka akanitazama.

Naomba msomaji asinihukumu kabla ya kusikia jambo moja. Mimi ni Mnyamwezi, na rafiki yangu alikuwa Mzaramo. Tangu babu zetu waliposhuka pwani na misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19 sisi ni watani, na utani huo tuliufaidi vilivyo. Tangu siku ya kwanza tuliyofahamiana alikuwa akiniita hamali, akiniuliza mzigo wangu wa meno ya tembo nimeutua wapi. Mimi nilimjibu yasiyoandikika. Alipougua nilijiambia kuwa hakuna mtu mwenye haki kuliko mimi ya kumchekesha juu ya kifo.

Kadi ilifika katika sanduku la posta la kazini kwa kaka yake. Kaka akaipeleka nyumbani, akamkabidhi mama, na mama akaifungua. Mama hasomi Kiingereza, lakini mifupa haihitaji mkalimani. Aliuliza ni nani huyo aliyeko Ulaya anayetaka kumzika mwanawe kabla ya siku zake. Kaka alinipigia simu, na maneno yake sitayarudia. Rafiki yangu mwenyewe sikupata neno lake kwa muda wa miezi miwili.

Toka siku hizo nimekuwa nikizitazama kadi za salamu kama wengine wanavyotazama magazeti, nikitafuta palipoharibika. Na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba wanaolalamika kuwa adabu ya kadi imeporomoka siku hizi hawajui historia yake. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyouzwa madukani ilitolewa London mwaka 1843 kwa amri ya Henry Cole, ikachorwa na John Callcott Horsley, nakala zipatazo 1,000, kila moja shilingi moja. Pembeni inaonyesha maskini wakilishwa na kuvishwa. Katikati ni familia mezani, glasi mkononi, na mtoto mdogo akinyweshwa divai. Wapinzani wa pombe walikasirika sana. Kwa hiyo kadi ya Krismasi ilizaliwa na kesi yake mkononi.

Baadaye, katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, Waingereza walitumiana heri za sikukuu zenye picha ya ndege mdogo amelala chali, amekufa. Maelezo ya picha hizo ni mengi na hayafanani. Ipo pia kadi ya chura aliyemchoma chura mwenzake kisu, akamwacha chini na kutoroka na mfuko wa fedha. Ile ya chura naipenda, nakiri. Haimgusi mtu. Aliyeuawa ni chura, aliyeua ni chura, na anayepokea yuko salama kitini pake na chai yake.

Sivyo zilivyokuwa zile zilizokuja kuitwa valentino za siki, ambazo Uingereza na Marekani zilijazwa nazo katika karne hiyo hiyo. Zilikuwa karatasi za bei chee zenye katuni na beti za matusi: mwanamke mzee asiyeolewa, mlevi, fundi mzembe, mwenye pua ndefu. Mtu alimchagulia adui yake ile iliyomfaa, akaituma siku ya Wapendanao bila kuweka jina. Tena katika miaka ya mwanzo, kabla ya kuenea kwa stempu zilizoanzia Uingereza mwaka 1840, aliyelipia barua mara nyingi alikuwa mpokeaji, ikawa mtu anatoa senti zake mwenyewe ili atukanwe. Nimezitazama nyingi zilizochapishwa upya vitabuni. Michoro mingine ina ufundi, ila hakuna hata moja iliyonichekesha. Hukumu yangu ni kwamba ubaya wake hauko katika tusi. Tusi tunalijua na tunalipenda. Ubaya uko katika mkono uliojificha.

Linganisha na kanga. Kanga ndiyo kadi ya kwetu: ina picha, ina mapambo, ina maneno yaliyopigwa chapa kiwandani kwa maelfu, na mtu huchagua yanayomfaa. Na fumbo la kanga laweza kuuma kuliko siki. Lakini mwenye kuivaa huivaa mwilini mwake, akapita nayo mlangoni kwa jirani mchana kweupe, akiwa tayari kuulizwa: unanisema mimi? Anaweza kukana, ndiyo. Hawezi kusema hakuwepo.

Hapo nikawakumbuka watani wetu msibani, na hapo ndipo aibu yangu ilipoanza kuwa na sura. Mtani hufika akilia kilio cha uongo. Huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, huwadai wafiwa fedha, na wapo wanaoingia kaburini wakagoma kutoka mpaka walipwe. Mgeni asiyejua mila angesema huu ni ukosefu mkubwa wa adabu. Lakini mtani huyo huyo, kwa mila, ndiye aliyeshika jembe na kuchimba, ndiye aliyechota maji na kukoroga ugali wa waombolezaji. Jasho lake lipo pale pale penye mzaha wake, na wafiwa wanaliona. Mimi jasho langu lilikuwa wapi? Nilikuwa nimetoa pauni moja na nusu na gharama ya stempu.

Mwaka 2015 mchoraji mmoja wa Marekani, Emily McDowell, alitoa kadi alizoziita za huruma, zikavuma sana. Yeye aliugua saratani akiwa na umri wa miaka 24, na amesimulia hadharani kwamba kilichomuumiza mno ni upweke, kwa sababu marafiki na jamaa walitoweka bila kujua la kumwambia, au walisema yasiyofaa. Katika kadi yake moja mtumaji anaomba awe wa kwanza kumpiga ngumi yeyote atakayemwambia mgonjwa kwamba kila jambo lina sababu yake. Ni mzaha mkali, tena unagusa imani za watu, na najua wazee wengi wa kwetu watakaoguna. Lakini tazama ngumi inaelekea wapi. Mtumaji amesimama upande wa kitanda, anawatazama walioko mlangoni. Nyingine inaomba radhi kwa kukaa kimya, kwa kuwa mtumaji hakujua aseme nini. Haina mchoro wa kutisha wala ucheshi mkubwa, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote kuitia saini.

Baada ya kuziona hizo niliirudia ile yangu kwa jicho la mkosoaji. Mchoro ni mzuri, sibishi. Ule utando wa buibui ni wa mtu anayejua kazi. Mzaha wake umelengwa kwenye foleni za hospitali za Uingereza, ambako watu hunung'unikia kusubiri kama sisi tunavyonung'unikia umeme, na kwa mvunjika mguu wa Leeds ungekuwa mwema kabisa. Kwa mwanamke anayeondoka Temeke alfajiri, akaketi benchini Ocean Road akihesabu waliokuwa pale wiki iliyopita na leo hawapo, foleni ile si mzaha juu ya daktari. Zaidi ya hayo, maneno yaliyochapwa ndani yamejaza ukurasa wote. Mchapaji alisema kila kitu, akaniachia pembe ndogo chini, na mimi nikaweka jina langu pale. Jina tu. Lau ningeandika hata mistari miwili ya matusi yetu kwa mkono wangu, angenisikia.

Alifariki Machi 2005. Mimi nilikuwa na mitihani, sikuja kuzika. Nilifika Agosti, nikaenda kwao na sukari na mchele, nikakaa mkekani bila kujua niseme nini. Mama yake alinyanyuka akaingia ndani, akarudi na ile kadi na kunipa bila neno. Chini ya kile kiunzi, kwa kalamu ya bluu na mwandiko niliokuwa nikiufahamu, palikuwa pameandikwa: "Mnyamwezi anasubiri mzigo."

Nilicheka, kisha nikalia, na kilio kile hakikuwa cha uongo. Mama alinisubiri nimalize.

"Mtani wa kututumia makaratasi," alisema. "Watani wenzako walichimba. Wewe ndoo yako ile pale, na bomba unalijua."